Jino la Taratibu na Jino la Chapchap

Mimi nikinyamaza, watu huuliza kama naumwa. Siku ile nilikuwa naumwa kweli, tena pande zote mbili, na bado nilikuwa naongea. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya mapokezi ya kliniki ya meno ya wanangu, shavu la kulia nimelishika kwa mkono huu, la kushoto kwa mkono ule, namweleza mgonjwa mmoja kwamba daktari anakuja sasa hivi, huku najua fika kwamba daktari yuko ndani anagombana na daktari.

Wanangu ni wawili na wote ni madaktari wa meno. Watu hunipongeza kwa hilo. Wangekaa na mimi siku moja tu, wangenipa pole. Wa kwanza ni binti. Alichukua siku nzima kuzaliwa, na alipotoka hakulia, akatulia akiwatazama wakunga kama anayewakagua. Nikamwita Taratibu. Mdogo wake wa kiume nusura azaliwe kwenye ngazi za hospitali. Huyo nikamwita Chapchap. Majina ya cheti wanayo, na wagonjwa huwaita daktari, lakini nyumbani haya ndiyo yaliyowaganda.

Chumba chao cha matibabu ni kimoja. Kina viti viwili, kimoja upande huu na kingine upande ule, na katikati kuna kabati la dawa lenye droo za dada na droo za kaka. Kwa muda mrefu walifanya kazi kama mikono ya mtu mmoja. Dada akichimba, kaka anashika mpira wa kunyonya mate. Kaka akichoma sindano ya ganzi, dada anamshika mgonjwa bega na kumwuliza habari za watoto. Halafu Chapchap akaenda kwenye semina, akarudi na taa.

Nieleze kidogo, maana jambo hili nimelisikia mpaka naweza kulifanyia mtihani. Jino likioza hadi ndani, ile nyama laini iliyo kwenye mizizi hufa, na vijidudu huingia katika vijia vyembamba vya mizizi hiyo wakajifanyia makao. Daktari hulitoboa jino kwa juu, akavikwangua vijia hivyo kwa visindano vyenye makali, akavisuuza kwa dawa ya klorini. Mpaka hapo wanangu wanaelewana. Ugomvi unaanza baada ya klorini, kwa sababu kuna vijidudu wabishi wanaobaki kwenye kona. Taratibu huwamalizia kwa dawa nyeupe nzito iliyofanana na chokaa. Anaijaza ndani ya mizizi, anaziba jino kwa muda, mgonjwa anarudi wiki inayofuata ndipo linazibwa moja kwa moja. Chapchap yeye humimina rangi ya bluu, anaiacha iwagande vijidudu, kisha anaingiza kijiti chembamba kinachotoa mwanga mwekundu. Rangi ikipigwa na mwanga ule, vijidudu kwisha habari yao. Anaziba siku hiyohiyo na mgonjwa anakwenda zake.

"Hiyo ni tochi ya kutafutia panya," Taratibu alisema siku taa ilipofika.

"Na hiyo yako ni chokaa ya kupaka ukuta," Chapchap akajibu.

Nilicheka. Nilidhani ni utani wao wa siku zote, kumbe utani ulikuwa unageuka shubiri na mimi nimekaa hapohapo. Dada akimwambia mgonjwa arudi wiki ijayo, kaka anakohoa kikohozi cha makusudi. Kaka akimaliza kazi siku moja, dada anamwambia mgonjwa kwa sauti ya upole kabisa, "Likikusumbua tena, njoo kwangu." Wakaacha kushikiana mpira wa mate. Wakaacha kula pamoja mchana: mmoja anakula ndani ya gari, mwingine kwenye ngazi, na mimi na bakuli langu katikati sijui nimfuate yupi. Mwishowe wakanijia, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniambia wameamua kujenga ukuta wa mbao katikati ya chumba. Milango miwili, vibao viwili, mapokezi mawili.

"Na mimi nitakaa wapi?" niliuliza.

"Utachagua, mama."

Wote wawili walinijibu hivyo, neno kwa neno. Yale meno mawili yaliyooza hayakuniuma kama jibu lile.

Seremala akaja kupima. Alikuwa mtu mrefu, mpole, amejizungushia skafu kutoka shingoni hadi masikioni ingawa joto lilikuwa halisemeki. Penseli aliiuma upande mmoja tu wa mdomo.

"Shavu limekuwaje, baba?" nikamwuliza.

"Jino tu, mama. Litapoa lenyewe."

Mtu amesimama katikati ya madaktari wawili wa meno na shavu limemvimba kama andazi, na wenyewe hawana habari. Walikuwa wanabishana ukuta upite kulia au kushoto mwa kabati. Seremala akakunja futi yake, akasema atarudi na mbao akishazipiga randa, akaondoka na jino lake.

Hapo ndipo hasira zikanipanda. Nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote ya kazi, na ninachokijua ni kwamba watoto wawili wakigombana huwaambii nani ana haki. Unawapa kazi.

"Njooni hapa," nikasema. "Nina magego mawili mabovu, moja kulia, moja kushoto. Nipigeni picha."

Wakanipiga picha ya eksirei. Wakaisogeza kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi vichwa vyao vikagusana. Meno yote mawili yalikuwa yamekufa, na kwenye ncha za mizizi kulikuwa na vivuli vyeusi. Ni usaha, walisema.

"Mama, kwa nini hukusema?" Taratibu akauliza, uso umemkunjamana.

"Ningesemea wapi, hapa hapakaliki kwa kelele zenu? Sasa sikilizeni. Taratibu achukue la kulia, Chapchap la kushoto. Kila mtu na njia yake. Atakayesafisha jino vizuri zaidi, mwenzake atakubali, na ukuta haujengwi."

"Na tukitoka sare?" Chapchap akauliza.

Ulimi wangu una tabia ya kunitangulia. "Mkitoka sare jengeni ukuta wenu, na mimi sitasema hata neno moja!"

Nilipoyasikia maneno yale yakitoka, nilitamani kuyarudisha. Lakini walikuwa wameshapeana mikono.

Mwamuzi akawa mtaalamu wa maabara wa ghorofa ya chini, mama mmoja asiyependa mzaha kabisa. Alieleza kwamba kijikaratasi chembamba kitaingizwa ndani ya mzizi kabla ya dawa na kingine baada ya dawa, yeye atavipanda kwenye sahani zake na kuona kama kitaota kitu. Vichupa viandikwe kulia na kushoto tu, hataki kujua lipi ni la nani. Na vijikaratasi vya mwisho vyote viletwe siku moja. Kwa hiyo ilibidi Chapchap avute subira: siku ya kwanza alisuuze jino lake kwa klorini, aweke pamba kavu isiyo na dawa, alizibe kwa muda, kisha atumie taa yake siku ambayo dada yake anamalizia. Sharti jingine nililiweka mimi. Mmoja akiwa kazini, mwenzake haingii chumbani.

Alianza Taratibu. Alinichoma ganzi, akasubiri, akauliza, akasubiri tena. Akanitandikia mdomoni kile kishuka cha mpira kinachoacha jino moja tu likichungulia, ili dawa isinimwagikie kooni. Kwa kuwa alikuwa peke yake, mpira wa mate nilijishikia mwenyewe. Mtu kama mimi kukaa mdomo wazi na kushindwa kuongea ni adhabu kubwa. Aliimbaimba kwa pua akifanya kazi, kama alivyokuwa akifanya zamani akikunja nguo. Akachukua kijikaratasi chake, akasuuza, akakwangua, akasuuza, kisha akafungua droo yake inayolia kwii, akatoa bomba la dawa nyeupe lenye kifuniko cha kijani, akajaza. Nikalala usingizi kidogo. Nilipoamka alikuwa bado.

Akaingia Chapchap. Nilijua yeye atanimaliza kabla sijakaa sawa, lakini siku hiyo mikono yake ilikuwa mizito. Alichukua kijikaratasi, alikwangua, alisuuza vizuri tu. Ikabaki kuweka pamba kavu na kuziba. Pamba akaishika kwa koleo, akaitazama picha ya eksirei ukutani, akanitazama mimi, akaitazama picha tena. Akaiweka pamba chini. Akaenda mlangoni kusikiliza. Kisha akaiendea droo ya dada yake, akainyanyua kidogo kabla ya kuivuta ili isilie, akatoa bomba lenye kifuniko cha kijani.

Nilitoa macho. Mdomo ulikuwa wazi tayari.

Akaijaza mizizi yangu chokaa ile aliyoitukana mbele ya wagonjwa, akaijaza kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona nao, akalipangusa bomba kwa koti lake, akalirudisha palepale.

"Nimeweka pamba kavu tu, mama," akasema, anatazama pembeni.

Kishuka kilipotoka nilikuwa na maneno ya kumpa, tena ya moto. Mwongo mkubwa wewe, nilitaka kusema. Lakini nikaona jasho kwenye paji la uso wake, naye alikuwa ananifuta kidevu kwa pamba kama mtoto mchanga. Nikayameza. Wiki nzima maneno yale yalinikaa kooni. Taratibu akipita mbele yangu najifanya napanga karatasi. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama nimefiwa.

Siku ya kumalizia ikafika. Taratibu akanilaza, akanitandikia kishuka, akalifungua jino, akaisuuza dawa yake nyeupe yote ikatoka. Kilichobaki kilikuwa kuchukua kijikaratasi cha mwisho na kuziba. Akavuta pumzi. Akatoka nje ya macho yangu, nikasikia zipu ya mkoba ikifunguliwa polepole sana. Mkoba wenye zipu chumbani mle ni mmoja tu, nao si wake. Halafu akanivika miwani myeusi.

"Taa hii ya juu inakuumiza macho, mama," akasema.

Haikuwa inaniumiza. Miwani ile mgonjwa huvikwa kwa ajili ya kitu kimoja tu, na kitu hicho ni tochi ya kutafutia panya. Kupitia pembeni mwa miwani niliona tone la bluu likidondoka kwenye pindo la koti lake jeupe, na yeye akilisugua akinong'ona maneno ambayo sikumfundisha mimi. Kisha mwanga mwekundu ukawaka ndani ya mdomo wangu. Nikaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mama, tulia. Unaumia?"

Nikatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka, na siyo ya maumivu.

Baadaye akaja Chapchap na taa yake hiyohiyo. Akaondoa chokaa ya siri, akamimina bluu, akamulika, akachukua kijikaratasi, akaziba. Alishangaa kidogo kuona zipu ya mkoba wake iko wazi, lakini yeye ni mtu wa haraka, hakulifikiria sana. Mchana huo nilimsikia akimwuliza dada yake lile doa kwenye koti ni la nini.

"Wino," Taratibu akajibu, akaenda zake.

Siku za kusubiri majibu nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja. Furaha kwa sababu niliyaona niliyoyaona. Hofu kwa sababu nilianza kuelewa mahesabu yalivyokaa: kama meno yote mawili yamepata dawa zote mbili, basi sare hiyo inakuja, na kwa kinywa changu mwenyewe nimesema sare ni ukuta.

Ikaja kweli. Mtaalamu wa maabara alipanda ngazi na sahani zake, akaziweka juu ya meza yangu ya mapokezi. Wanangu wakasimama huku na huku. Wakati huohuo mlango ukasukumwa na ncha ya ubao, na nyuma ya ubao akaja seremala na skafu yake, na nyuma yake mbao nyingine.

"Hizi ni za kabla ya dawa," mtaalamu akasema. Sahani zote mbili zilikuwa zimejaa ukungu wa madoa, kulia na kushoto. "Na hizi ni za baada. Hazijaota kitu. Zote mbili."

"Zote?" Chapchap akauliza.

"Safi kabisa."

Nikangoja mmoja wao aseme kitu. Nilimtazama huyu, nikamtazama yule. Chapchap alikuwa anakagua viatu vyake. Taratibu alikuwa ameliziba doa la bluu kwa mkono. Wala hakuna aliyefurahi.

"Basi ni sare," Taratibu akasema kwa sauti ndogo.

"Ni sare," Chapchap akasema.

"Nianzie upande upi?" seremala akauliza kupitia skafu.

Niliapa sitasema neno, na wanangu wanajua kwamba mimi nina makosa mengi lakini nikiahidi nimeahidi. Basi sikusema. Niliinuka nikaingia chumbani. Nikaivuta droo ya Taratibu bila kuinyanyua, ikalia kwii nyumba nzima ikasikia, nikachukua bomba la kifuniko cha kijani. Nikafungua zipu ya mkoba wa Chapchap, nikatoa miwani myeusi. Nikarudi mapokezi. Bomba nikaliweka mkononi mwa Chapchap. Miwani nikaivaa mimi mwenyewe, nikasogea hadi pua yangu ikakaribia kugusana na ya Taratibu, nikafungua mdomo wazi.

Chapchap alilitazama bomba kama limemng'ata. Taratibu uso ulimshuka. Halafu kila mmoja akainua macho kuona kama mwenzake amegundua, na akakuta mwenzake naye ana sura ya mtu aliyekamatwa.

"Wewe!" Taratibu akasema. "Ulitumia chokaa yangu?"

"Na ule si wino! Ulitumia tochi yangu?"

"Ni mama, bwana," Taratibu akasema. "Ile picha niliiona usiku na mchana. Nikasema, je, kama dawa yangu imeacha hata kijidudu kimoja? Sikutaka kubahatisha."

"Na mimi je? Ningewekaje pamba kavu wiki nzima kwenye jino la mama?"

Mtaalamu wa maabara alizikusanya sahani zake kwa hasira. "Kwa hiyo meno yote mawili yamepata kila kitu. Mmeniharibia kipimo! Sahani hizi hazilinganishi chochote. Hapa hakuna mshindi wala hakuna sare, hapa hakukuwa na mashindano."

Nikavua miwani. "Rudia hapo," nikamwambia. "Hakuna sare?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo naweza kuongea?"

"Ongea, mama," Chapchap akasema kwa unyonge. "Hata tukikuzuia utaongea tu."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya wiki nzima. Ilipofika wakati wake ikabaki swali moja tu.

"Na hawa wengine mnaowalaza kwenye viti vyenu," nikasema, "hao mnawabahatisha?"

Nilimwendea seremala, nikamwomba radhi, nikamfungua skafu. Shavu lilikuwa limeng'aa, limevutika hadi jicho limekuwa dogo. Wanangu wakalitazama shavu lile, kisha wakatazamana, na nikaona aibu ikiwapanda wote wawili kwa pamoja.

"Limevimba tangu lini?" Taratibu akauliza.

"Tangu kabla sijaja kupima," seremala akasema. "Niliona mna shughuli."

"Mlazeni," nikasema. "Na mmfanyie kama mlivyonifanyia mimi. Bila kuibiana."

Chapchap akampokea ubao, akauegemeza ukutani. Taratibu akamshika mkono akamwongoza ndani, tayari anamwuliza habari za watoto. Mtaalamu wa maabara akashuka ngazi akinung'unika, lakini aliacha vichupa viwili vitupu juu ya meza yangu, akaniambia akipita kwamba safari hii viandikwe vizuri. Mimi nikabaki na mbao. Zilijaa korido nzima. Mgonjwa aliyefuata ilibidi azivuke kwa kuinua miguu kama anayepita kwenye tope, na mimi nilikuwa nalia na kucheka kiasi kwamba sikuweza hata kumwuliza anaumwa wapi.

"Daktari yupo?" akauliza.

Nikamwonyesha kidole nikimaanisha asikilize kwanza. Kupitia mlangoni ulisikika mpira wa mate ukinyonya, halafu droo ikalia kwii, halafu zipu ikafunguka. Seremala alikuwa anajitahidi kueleza jambo kuhusu binti yake huku mdomo wazi. Baada ya muda nikasikia sauti ya Chapchap, ile sauti ya mtu ambaye hajawahi kusubiri kitu maishani mwake.

"Sasa, mzee wangu, hapa tumeweka dawa. Utarudi wiki ijayo."

Nikashika meza. Na kwa kweli kikaja, kikohozi cha makusudi kabisa, cha Taratibu safari hii. Wakacheka wote wawili, na seremala naye akacheka kadiri ganzi ilivyomruhusu.

"Wapo," nikamwambia mgonjwa. "Wote wawili. Kaa hapo juu ya mbao usubiri."